Kiebrania Kilichotoweka Rumonge

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jovita alifungua kazi yake ya kuhitimu chuo cha Biblia kwenye kompyuta ya Émérance, katika duka la kuchapa karibu na soko la Rumonge, akakuta Kiebrania kimetoweka. Kurasa zilikuwa sitini na mbili. Kiswahili kilikuwa salama, lakini kila mstari wa Zaburi ulikuwa mabano, namba na alama za ovyo.

Saa sita mwalimu wake angeondoka kwenda Bujumbura na kazi za wanafunzi. Ya Jovita ikikosekana, angengoja mwaka mzima, naye alikuwa na miaka arobaini na sita.

Alimwita Mzee Wenceslaus, karani mstaafu wa mahakama, aliyejifunza kompyuta kwa masomo ya jioni akiwa na miaka sitini na minane. Mzee alifika saa mbili na nusu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Unamushuku nani?"

"Seth. Tunasoma pamoja, na hapendi mwanamuke amupite. Ao huyu Exaucé, mwenye kunichapia. Jana ndiye alibaki kufunga duka."

Exaucé, baba wa watoto watano kutoka Uvira, aliweka kalamu chini. "Mama, miezi mitatu nachapa Kiebrania chako kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka nimeanza kulia ugali na mukono wa kushoto. Sasa nikiharibu, nitapata nini?"

Wenceslaus aliomba ukurasa uliochapwa jana, akauweka kando ya kioo cha kompyuta. Alihesabu kwa ncha ya penseli.

"Neno hili kwenye karatasi lina herufi nne. Kwenye kioo kuna alama nne. Neno linarudi mara tatu, na alama zilezile zinarudi mara tatu. Hakuna mutu alifuta kitu. Fungua kazi ya Seth."

Ya Seth, iliyochapwa kwenye mashine hiyohiyo na kukabidhiwa wiki iliyopita, nayo ilikuwa mabano matupu.

"Seth atoke kwenye orodha; tangu akabidhi hana kazi hapa. Herufi ziko, ila zimevuliwa nguo. Nguo hiyo ni fonti, na fonti haikai ndani ya mémoire, kazi yenyewe ya kuhitimu; inakaa ndani ya mashine. Aliyeiondoa aliishika mashine hii. Exaucé, jana ukurasa huu ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Umeme ukakatika palepale, karatasi ikiwa bado ya moto."

"Mashine iko na betri?"

"Haina, Mzee. Bila umeme ni sanduku."

"Umeme ulirudi lini?"

"Leo saa moja kamili," alisema Émérance, mwenye duka. "Nilikuwa nafagia."

"Na Exaucé?"

"Alikuja saa mbili," alisema Jovita polepole. "Tulikutana mulangoni."

Wenceslaus aliifuta miwani yake. "Kati ya saa moja na saa mbili, dada Émérance, nani mwingine alikuwa hapa?"

Émérance alivuta droo, akatoa clé ndogo nyeusi, flashi ya kuhifadhia faili.

"Fonti iko humu. Kuitupa nilishindwa."

"Kwa nini?" aliuliza Jovita.

"Ukipata diplome, wanakutuma kanisa la Bugarama. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania tulilala mukeka mumoja miaka tisa. Tukarudi pamoja. Sasa wewe unapanda mulima, mimi nabaki na mashine. Nilitaka mwaka mumoja tu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Niombe sasa."

"Baki, Jovita."

"Hapana."

Exaucé alijitia kutafuta karatasi chini ya meza. Jovita akamwinamia. "Baba, unisamehe."

"Tuimprimé kurasa kwanza, mama, umeme usikatike tena. Kusameheana hakuhitaji umeme."

Émérance aliirudisha fonti kwa mkono wake. Kiebrania kikarudi, ukurasa baada ya ukurasa, na saa tano na nusu wa mwisho ukatoka. Wenceslaus alizipitia zote sitini na mbili, akasema, "Murakoze," asante ya Kirundi, akaenda zake.

Émérance alizipanga karatasi, akazibana, akapitisha kiganja juu ya jalada.

"Bugarama kuna baridi," alisema. "Chukua sweta yangu ya kijani."

"Nitasema umenipa?"

"Sema umeiiba. Tutakuwa sawa."