Bawa la Pili

Jua lilikuwa linazama nami bado niko dukani, nafumua. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na minne, na wiki nzima alinisumbua nimrembeshee jaketi la jinzi la kizamani, lililopauka viwikoni. Nililichambua kwenye robota la mitumba. Ndiyo kazi yangu, kuzitia shanga na maua nguo zilizochoka, na kama mnavyotujua mafundi, mtoto wa nyumbani ndiye huvalishwa mwisho.

Mgongoni palikuwa na kipepeo mweusi wa kudariziwa. Bawa moja tu. Nikakata uzi wa kwanza kwa meno, kama nilivyozoea...

Ulimi ukaonja chumvi. Kisha harufu ya hospitali.

"Dada... usifumue."

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, kichwa amefunga kitambaa. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Tumeshafunga, dada yangu."

"Hilo la mwanangu. Aliniomba mabawa mawili. Nilishona moja, akafa akaniacha." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akachoka. "Niazime sindano. Nimalizie tu."

Mafundi tuna mwiko wetu: nguo ya mwanao humpi mtu mwingine aimalizie. Naujua vizuri. Lakini na mimi ni mzazi. Roho iliniuma, nikampisha kwenye kiti.

Hakuomba uzi. Alifungua kitambaa, akang'oa unywele mmoja mrefu, akautunga kwenye sindano.

Tsk... tsk... tsk...

Nilitaka kumwambia basi, inatosha, lakini bawa lilikuwa limeshakaribia kwisha. Alipomaliza alikata kwa meno, akanirudishia sindano. Ilikuwa baridi.

"Ahsante. Sasa atarudi."

Binti yangu akaingia mbio, akalivaa jaketi. Lilimkaa sawasawa. Akageuka, akanipita, akamkumbatia yule mwanamke.

"Mama! Umelimaliza!"

Nikapiga ukelele. Mwanamke hakuwepo tena. Mikono ya mwanangu ilikuwa imekumbatia hewa.

Bawa lile nimelifumua mara tatu, na kila asubuhi nalikuta palepale. Nimekwenda kwa madaktari, nimekwenda kwa waombaji, kila mtu ana lake. Binti mzima wa afya, anakula, anacheka. Ikifika jioni huketi mlangoni akimngoja mama yake. Nalia jikoni, asinione.

Leo nilimpelekea chai. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu nilizomfundisha mwenyewe.

"Shikamoo, fundi."