Pramuji na Michoro ya Ukutani

Kila alfajiri Ngatini na mwanawe Pramuji walitengeneza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, ya kuuza. Ngatini alichemsha soya. Pramuji aliipoza, akaitia chachu, akaifunga kwa majani ya migomba.

Pramuji alikuwa na miaka thelathini na moja. Miaka sita nyuma aliugua, akawa anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Dawa za hospitali zilizinyamazisha. Ngatini akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Pramuji alitia chachu soya ikiwa bado ya moto, tempe ikaoza. Kesho yake akaitia mara mbili. Akitumwa vitu vitatu, alirudi na kimoja. Siku nyingine alisimama njiani, hajui alikuwa anakwenda wapi. Ngatini alimwita mvivu, kisha akajuta. Sauti zimenyamaza, sasa hiki ni nini? Labda dawa ndizo zinazompumbaza. Akazificha.

Mchana akaja Wuryani, mhudumu wa afya wa mtaa. Ngatini akamweleza yote, hata hilo la dawa.

"Mrudishie leo hii, mama," Wuryani akasema. "Akiziacha, sauti zinaweza kurudi. Kama unaona zinamlegeza, tumwambie daktari. Yeye ndiye anayejua kupunguza."

"Mbona anasahau, na sauti hasikii tena?"

"Ugonjwa huu hugusa pia kumbukumbu na umakini. Sauti zikiondoka, hilo linaweza kubaki miaka mingi. Si uvivu, wala si malezi yako. Mpe kazi moja moja, kwa maneno machache. Mchoree hatua ukutani."

Ngatini hakuelewa vizuri. Ugonjwa gani huo unaoondoka nusu? Hata hivyo alimrudishia dawa. Akachukua chaki, akachora sufuria, akachora ungo wa kupozea, akachora kopo la chachu, akachora jani. Pramuji akimaliza hatua, aliitia alama, ndipo akatazama inayofuata.

Mwezi wa kwanza tempe iliharibika mara mbili tu. Mwezi wa tatu haikuharibika. Bado Pramuji alisahau mengi, na daktari alisema mengine huenda yasirudi.

Asubuhi moja Pramuji alisimama mbele ya ukuta.

"Mama, nichoree na njia ya sokoni. Nataka kwenda peke yangu."

Ngatini akashika chaki, akakwama. Ile njia panda ya msikitini mtu anaichoraje?

Pramuji akaitoa chaki mkononi mwa mama yake taratibu.

"Msikitini nakata kushoto," akasema, akaanza kuchora.