Mlango wa Chumvi Mwilini mwa Romanus

Kila jioni, nyumbani kwao Mfaranyaki, Kunegunda alipika maharage kwenye vyungu viwili. Kikubwa kilikuwa cha wote. Kidogo, kisichotiwa chumvi hata chembe, kilikuwa cha mdogo wake Romanus, mtoto wa miaka mitano. Si kwamba chumvi ilikuwa adimu. Enzi za kupanga foleni kugawiwa sukari na chumvi zilikwisha, na maduka sasa yaliuza kila kitu, hata miwani ya jua kwa watu wasiotoka nje mchana. Ilikuwa amri ya Bibi Benigna.

"Mume wangu huyu ukimbusu ni kama umelamba samaki mkavu wa Nyasa," bibi alisema, akimtania mjukuu wake. "Chumvi imemjaa mpaka inamtoka. Tukimwongezea, itabidi tumwanike."

"Mbona basi anainyemelea, bibi?"

"Na mlevi hunyemelea pombe. Inamfaa?"

Kunegunda alicheka, lakini swali halikumtoka. Isitoshe, tangu azaliwe Romanus alikohoa makohozi mazito kama gundi.

Siku moja ya Oktoba, jua likichoma na mama yao akiwa shambani Lusewa, Romanus alirudi kutoka mpirani, akatapika, akalegea kama kitambaa. Bibi alimbeba mgongoni mbio hadi hospitali, Kunegunda nyuma yake.

Daktari Hironimus alimtundikia maji ya chumvi. "Mtoto anakula nini?"

"Kama sisi tu, baba," bibi alijibu upesi.

Kunegunda alimtazama bibi, kisha Romanus, aliyeshindwa hata kufumbua macho. "Shikamoo, daktari. Si hivyo. Chakula chake hakina chumvi. Tulidhani imemjaa mwilini."

Bibi aliinamia sakafu. Daktari hakugomba. Aligusa paji la uso la Romanus, akaonja kidole.

"Nashuku ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra. Tutapeleka jasho lake Dar es Salaam likapimwe. Binti, masika chumvi huwaje ndani ya kopo?"

"Inalowa. Inavuta maji."

"Vizuri. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwenye njia za hewa, seli zina vilango. Chumvi hutoka, maji huifuata, makohozi yanakuwa mepesi. Kwa Romanus vilango vimeziba. Chumvi haitoki, maji hayaji, makohozi yanaganda."

"Kama vimeziba, mbona jasho lake lina chumvi?"

Daktari alicheka. "Swali hilo mimi nililiuliza nikiwa na ndevu. Kwenye ngozi, kazi ya vilango hivyo hivyo ni kurudisha chumvi ndani kabla jasho halijatoka. Vikiziba, chumvi inamwagika nje. Hajajaa chumvi huyu. Anaishiwa."

"Nami nikamnyima," bibi alisema polepole.

Majibu ya Dar es Salaam yalithibitisha. Daktari hakuwaficha: dawa ya kuumaliza ugonjwa haipo. Lakini Romanus ale chumvi, anywe maji mengi, na asubuhi na jioni apigwepigwe mgongo kwa viganja ili makohozi yaachie.

Kunegunda alijifunza kazi hiyo. Romanus, nguvu zikiwa zimemrudia, aliimba huku akipigwa, sauti ikitetemeka kama redio yenye betri mbovu.

"Mjukuu wangu," bibi alisema jioni moja, "siku ile niliona haya nikadanganya. Ungenyamaza kwa kuniheshimu, tungemzika. Usilolijua, uliza. Na habari za mgonjwa zisemwe zote, hata kama anayeaibika ni bibi yako. Haya, endelea kupiga, kifua hicho bado kinakoroma."