Pale Pasipopimwa

Kile kivimbe kilionekana asubuhi ya kawaida kabisa, chai ikiwa bado ya moto mezani. Kwenye kompyuta, kando ya barabara mpya, mahali palipotakiwa kuwa tambarare, palikuwa pameinuka kitu cha urefu wa mtu mzima aliyejilaza ubavu. Mwanamke aliyekuwa akikitazama alipiga funda la chai, akasema, "Haya," akaendelea na kazi.

Ofisini walimwita Milimita, kwa sababu zamani mstari ukipinda kidogo tu hakulali mtu. Hiyo zamani. Tangu amzike mumewe, mama wa watu alikuwa kama amedungwa sindano ya ganzi na daktari akaondoka bila kumwambia itaisha lini. Msibani hakulia, na baadaye hakulia. Akiambiwa kula, alikula. Usingizi ndio uliomhama kabisa. Alijilaza kitanda kimoja na binti yake wa darasa la pili, mtoto akiwa katikati, upande wa ukutani aliokuwa akilala mume ukiwa wazi, na yeye macho kodo kwenye dari mpaka kunakucha.

Kazi yake haikuwa na maajabu. Mpimaji alikwenda porini, akaleta vipimo. Milimita alivitia kwenye programu, nayo ikavifuma kuwa uso wa ardhi. Barabara ikishachorwa juu ya uso ule, aliugeuza tena kuwa pointi, kila pointi na mahali pake na kimo chake, zikaingizwa kwenye kifaa cha wapiga vigingi ili wajue pa kugongelea.

Jambo moja tu halikuandikwa popote. Mpimaji wa ofisi ile, bonge la mtu, mtani wa kila mtu, alikuwa na mahali ambapo akifika husimama, huvua kofia, kisha hupita kando. Alipima kwa kuzunguka. Ndani hatii mguu. Kwenye ramani palibaki pengo, na wachoraji wote walijua kwamba pengo la yule bwana huliulizi, unaliacha lilivyo na ukizitoa pointi unalitenga.

Safari hii mpimaji alikuwa likizo na injinia ana haraka. "Ziba hilo tundu," alisema akipita, kikombe mkononi. "Mteja atadhani tulilala."

Milimita wa zamani angebisha mpaka povu limtoke. Huyu wa sasa aliiachia programu iunganishe ng'ambo na ng'ambo, akazitoa pointi za uso mzima, akazituma. Basi pale ambapo hapakuwahi kupimwa, pakapata vimo, na vigingi vikapigwa.

Sasa, programu haina ubunifu. Ikiziba pengo, hulaza bapa. Kivimbe haikijui. Asubuhi ile alikifuta, akahifadhi faili. Alipoifungua tena kilikuwepo, na safari hii kimekunja magoti.

Alfajiri iliyofuata alizinduka, na mtu hazinduki ila amelala. Alikuwa amelala! Chumba kilinuka udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Aligeuza kichwa. Upande wa ukutani godoro lilikuwa limebonyea, bonde refu la uzito wa mwanamume, na hapakuwa na mtu. Alinyoosha mkono juu ya mtoto, akapapasa. Hewa tu, ya baridi, na bonde halikuinuka.

Wewe na mimi tungepiga ukunga majirani wakavunja mlango. Yeye aliwaza, amerudi. Akavuta shuka, akalala tena, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akachelewa kazini.

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi anakiangalia kivimbe kwenye kompyuta kama mtu anayejulia hali, na jioni anakimbilia kitandani. Uso ukamnawiri. Wenzake wakasema, afadhali, mwenzetu ameanza kusahau.

Mtoto ndiye aliyeanza kwenda kombo. Nyumbani walimwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, hata akiwa anapiga mswaki. Kasuku akanyamaza. Kisha akaanza kuchechemea, akasema mguu umelala. Siku nyingine alirudi shuleni kiatu kimoja kimepotea njiani, naye hana habari. Daktari alimchoma pini kwenye unyayo, na mtoto akaitazama pini ikiingia kana kwamba mguu ni wa jirani. Vipimo vyote vikatoka safi. Asubuhi moja akashuka kitandani, miguu ikakataa, akaanguka, wala hakulia. Mama mtu alimwinua, akamrudisha kitandani, akamwita jirani amwangalie, akaenda kazini. Ndivyo alivyokuwa.

Siku hiyo mpimaji alirudi likizo. Alikuwa rafiki wa marehemu, akimwita Milimita shemeji. Aliingia na kicheko chake, akainama kuangalia kompyuta, kicheko kikakatika.

"Shemeji," alinong'ona. "Nani kaziba hapa?"

"Mimi."

"Pointi umezituma?"

"Vigingi vimeshapigwa."

Akavua kofia, mle mle ofisini. "Nyumbani kukoje?"

"Kuzuri. Nalala."

"Na mtoto?"

"Miguu imekataa."

Mchana huo huo mpimaji alimleta dada yake nyumbani kwa Milimita, fundi cherehani, ambaye watu humwendea pia kwa mambo yasiyohusu nguo. Alikuja na futi yake ya kitambaa shingoni. Kasuku alikuwa amelala, miguu chini ya shuka. Yule mama alitia kiganja kwenye lile bonde la godoro, akakiondoa upesi, akakifuta kwenye gauni. Aliwavuta wote wawili jikoni, akafunga mlango.

"Yule wa pale porini hakuwa na umbo, wala hakuwa na shida nalo," alisema kwa sauti ya chini sana. "Mmempa kimo. Mmempigia vigingi kama anayejengewa. Sasa anatafuta mwili wa kuishi humo, na ameanzia miguuni."

"Si baba yake?" Milimita aliuliza.

"Mdogo wangu. Baba gani amfanyie hivi mwanawe?"

Chumbani kitanda kililia, kama mtu mzito anayejigeuza, na mtoto hakuwa na uwezo wa kujigeuza.

"Fungueni pengo," yule mama alisema. "Pointi zitoke upya, bila zake, na vigingi ving'olewe kwa kuzifuata hizo. Leo hii. Akifika kifuani, msiniite tena."

Mpimaji aliondoka mbio kwenda porini. Milimita alirudi ofisini. Wenzake walikuwa wametoka kula. Alichora mpaka kulizunguka pengo, taratibu, na programu ikamuuliza kama ana hakika.

Hakuwa na hakika. Kidole kilisimama. Aliutaka ule usingizi, aliutaka kama mlevi anavyoitaka chupa, akajisemea usiku mmoja tu, kesho nitalifungua, na alipojisemea hivyo harufu ya udongo ikajaa ofisi nzima, na kiti kilichokuwa kitupu pembeni yake kikabonyea polepole, sponji ikilia, na kwenye kompyuta kile kivimbe kikaanza kukunjuka, kikakaa kitako, vimo vikipanda bila mtu kuvigusa, mabega, shingo, na kichwa ambacho kilikuwa kinageuka, kinageuka, kumtafuta yeye, na pumzi ya baridi ikamshukia sikioni kwa upole kabisa kama mtu anayekuambia lala, na hapo katikati ya upole ule akaiona pini ikiingia kwenye unyayo wa mwanawe na mtoto akiitazama tu. Akabonyeza.

Pengo likafunguka, jeupe. Akazitoa pointi, akazituma. Simu ikalia.

"Zimefika," mpimaji alinong'ona. "Nang'oa. Shemeji, vinavutana na mimi. Kuna mtu chini anavishika."

"Ng'oa!" Milimita alipiga kelele, sauti aliyokuwa hajaisikia mwenyewe kwa muda mrefu.

Alisikia pumzi za yule bwana, kisha kigingi kikitoka kwa mlio wa jino, kisha kingine. Kiti cha pembeni kikainuka. Harufu ikaisha.

Alipofika nyumbani, fundi cherehani alikuwa ameshaondoka na jirani yuko jikoni. Godoro upande wa ukutani lilikuwa limenyooka. Kasuku amekaa kitandani, anachezesha vidole vya miguu, anavishangaa.

"Mama," alisema. "Leo utalala?"

"Kwa nini unaniuliza?"

"Nilijua si baba. Baba alikuwa wa joto. Huyu alikuwa ananishika miguu." Akavuta kamasi. "Lakini wewe ulikuwa unalala. Ndiyo maana nikanyamaza."

Milimita alikaa sakafuni. Kilio kilimtoka cha marehemu na cha mtoto kwa pamoja, kikubwa, kibaya, mpaka jirani akachungulia na kurudi zake. Alipoweza kupumua aliishika ile miguu, akaanza kuipapasa kidole kimoja kimoja, mtoto akimwangalia yeye usoni.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, mama."

Akaondoa mikono yote miwili, akaificha mapajani.

"Na hapa?"

Kasuku aliendelea kumwangalia usoni, akamfuta chozi.

"Nasikia," alisema. "Sasa utalala, mama?"