Kadi ya Fundi Peng Ilikuwa Inanifuata

Nukta ya fundi Peng ilikuwa nyuma yangu kwenye skrini, nusu mkono tu.

Nikageuka... hakuna mtu!

Wadau, naitwa Lin Yaqin, nafunga mitambo kwenye ghala la vyuma hapa Dongguan, China. Siku tatu nilikuwa juu ya ngazi, napachika vibao vya redio kila kona. Kila mfanyakazi anavaa kadi shingoni. Vibao vinajua kadi ilipo, skrini yangu ya mkononi huionyesha kama nukta yenye jina, na magari yetu yasiyo na dereva husimama yakiikaribia. Bila kadi, gari halisimami.

Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana. Taa zimezimwa, vitanda vya kukunja kila mahali.

Nikajua nimekosea vipimo. Nikasogea dirishani... nukta ya Peng ikasogea!

Nikasimama. Ikasimama.



"Yaqin!" meneja Tang akaita. "Mapumziko yameisha, nawasha magari!"

"Subiri bosi, kuna kitu hakiko sawa!"

"Njia ya saba ina mtu?"

"Skrini inasema tupu, lakini..."

"Basi tupu, binti! Usiniletee uchawi."

Akawasha.

Nikatia mkono mfukoni nitoe simu nimpigie Peng. Nikashika kadi... yake!

Jamani! Kupigiana kadi, yaani kumgongeshea mwenzako aonekane yupo kazini, ndiyo kawaida yetu hapa. Mama alipolazwa mwaka jana, Peng alinipigia yangu mlangoni wiki nzima. Leo kataka kuongeza usingizi, kanitumbukizia yake kwenye koti ili aonekane yuko kazini.

Na Peng hulala njia ya saba, kwenye feni kubwa!

Nilikimbia sijui vipi, napiga kelele. Gari lilishakata kona na mzigo wa nondo. Yeye taulo usoni, anakoroma!

Nikajitupa kati ya Peng na gari.

Gari likasimama. Hatua moja tu!

"We binti, kelele za nini?" Peng akapiga mwayo. "Si nimekuachia kadi?"

Nilitaka kumzaba kofi. Ndipo nikaiona skrini ya ukutani... nukta kumi na moja zimerundikana jikoni, sehemu moja.

Jikoni kuna mtu mmoja tu, shangazi Qiu mpishi. Kumi wamemwachia kadi zao awapigie!

"Bosi, zima! Zima yote!"

Tang akagonga kitufe chekundu. Tukapita njia kwa njia tukiita majina. Wote kumi tuliwakuta wazima, mmoja miguu yake ikiwa tayari kwenye mstari wa gari.

Ndugu zangu, ukimpigia mwenzako kadi unajiona umemsaidia. Mtambo wangu haujawahi kumwona mtu hata siku moja. Unaona kadi tu.