Mchoma Chestnati Aliyeuliza Chestnati Zinachomwaje

"Mama Eunbi, chestnati zinachomwa dakika ngapi?"

Niliitoa simu sikioni nikaitazama namba. Ni yeye kweli. Pilgu, baba wa mwanangu, mtu tuliyeachana naye miaka kumi na moja iliyopita, ambaye hajawahi kunipigia hata sikukuu ya mavuno.

"Umesemaje?"

"Chestnati. Kwenye air fryer, hili jiko la umeme. Dakika ngapi?"

"Pilgu, umelewa saa nne hii ya asubuhi?"

"Sijalewa."

"Basi unanitania."

"Sikutanii. Dakika ngapi?"

Ngoja niwaeleze mnielewe, maana mimi mwenyewe sikuelewa. Huyu mtu amesimama stendi ya mabasi ya hapa Gongju majira ya baridi ishirini na mawili, kofia ya masikio kichwani, anachoma chestnati, zile njugu kubwa zenye ganda gumu la kahawia, kwenye pipa la chuma. Watu walikuwa wanashuka kwenye basi wanafuata harufu, hawaulizi bei. Halafu ananiuliza mimi, fundi cherehani, chestnati zinachomwaje! Ni kama kinyozi akuulize mkasi unashikwa wapi.

"Loweka nusu saa," nikamwambia. "Kata ganda kwa kisu. Digrii mia mbili, dakika ishirini."

"Sawa."

Akakata simu.

Nikabaki na suruali ya mteja mkononi, mguu mmoja umeshonwa mwingine bado. Na kilichonichanganya zaidi si swali. Ni kwamba aliongea. Mimi huyu mwanaume sikumwacha kwa pombe wala kwa wanawake. Nilimwacha kwa ukimya. Nikimuuliza, "Baba Eunbi, unanipenda au hunipendi?" anainuka kwenda kukagua kuni. Miaka ishirini ya ndoa nimeongea na mgongo. Siku naondoka nilimngoja aseme hata neno moja, hakusema.

Nilimsimulia Geumrye, mdogo wangu wa hiari anayeuza keki za mchele kibanda cha jirani. Akapiga makofi.

"Dada Malsun, anakutaka huyo!"

"Ananitaka kwa chestnati?"

"Ulitaka akupigie aulize nini? Bei ya mafuta?" Kisha uso ukambadilika. "Au... dada, nisikutishe. Baba yangu mimi alianza hivyo hivyo. Aliuliza jinsi ya kufunga kamba za viatu. Mwaka uliofuata hakulijua jina langu."

"Wewe Geumrye, funga mdomo."

Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Ananitaka, au akili inamtoka? Nilishona zipu ya mtu ikaangalia ndani.

Na mimi nilikuwa na jambo langu zito wiki ile. Bwana Heo, mfamasia mstaafu, mgane, mtu wa suti na maneno matamu, alikuwa anataka jibu. Jumamosi watoto wake wanakuja kula chakula cha mchana, na alitaka aniketishe pale kama mke mtarajiwa.

"Nipe jibu Ijumaa, Bi Malsun," aliniambia. "Umri wetu huu si wa kungojana."

Nilikuwa nimeshakaribia kusema ndiyo. Na mnajua kilichonivuta ni nini? Si nyumba yake, wala suti. Ni mfuko wa karatasi. Miaka miwili sasa, tangu majani yaanze kugeuka rangi hadi theluji iishe, nikirudi kutoka kula mchana nakuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha duka langu. Ndani chestnati za moto, zimemenywa moja moja, tamu za kumfumbisha mtu macho. Siku ya kwanza nilimkuta Bwana Heo amesimama pale pale mlangoni.

"Ni wewe umeniletea hizi?" nilimuuliza nikicheka kwa furaha.

Akatabasamu. "Ni kitu kidogo tu."

Nikamkaribisha chai. Tangu hapo nikawa nasema moyoni, haya, hatimaye nimepata mwanaume anayetenda na mdomo wake unafanya kazi.

Sasa siku ile ya simu, mchana mfuko wa kwanza wa msimu huu ulikuwepo. Nikatia moja mdomoni, nikatema. Nje makaa, ndani mbichi inalia kama karoti.

"Mchumba wako leo kachomea kituo cha zimamoto," Geumrye akasema.

Kesho yake saa nne, simu.

"Mama Eunbi, zikiungua nje na ndani mbichi, nifanye nini?"

"Pilgu, si nilikuambia jana?"

"Uliniambia ishirini."

"Unakumbuka nilikuambia ishirini?"

"Nakumbuka. Kwa nini?"

"Basi tu. Leo tarehe ngapi?"

"Mama Eunbi, nimekuuliza chestnati."

"Na mimi nimekuuliza tarehe!"

Akaitaja, sahihi kabisa. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kama akili anayo, anataka nini? Nikamwambia apunguze hadi mia na themanini, aongeze dakika. Usiku ule nilimwandikia Eunbi kule Ulsan: *Baba yako mzima?* Akajibu: *Mzima mama. Amehamia ghorofani, moto wa kuni hawaruhusu. Kwa nini unauliza? Mnaongea???* Alama tatu za kuuliza. Sikumjibu, maana hata mimi nilikuwa nazo kumi.

Alhamisi mchana nimekaa na Geumrye, mfuko mapajani. Nimeuma chestnati, jino likagoma. Jiwe. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Pilgu:

*Zimekuwa ngumu kama mawe. Nimezidisha?*

Nikaacha kutafuna.

"Nini?" Geumrye akauliza.

Nikampa simu. Akaisoma. Akachukua chestnati moja mfukoni, akaigonga mezani. Ko, ko.

"Dada."

"Usiseme."

"Dada Malsun, jana na juzi..."

"Nimesema usiseme! Labda mavuno ya mwaka huu mabaya. Labda wote wamenunua kwa mtu mmoja."

"Na wote wameunguza siku moja, wakakausha siku moja?"

Sikulala vizuri. Kama mifuko ni ya Pilgu, basi yule niliyempa chai miaka miwili ni nani? Na kama ni ya Bwana Heo, nitakuwa nimemkosea heshima mtu wa watu. Mtu mzima naomba Mungu anionyeshe nani amechoma chestnati!

Ijumaa Bwana Heo akaja, tai shingoni, maua mkononi. Dukani nina air fryer ndogo, huwa napashia chakula. Nikaiweka mezani pamoja na bakuli la chestnati mbichi na kisu.

"Bwana Heo, kabla sijakujibu, nichomee chestnati. Kama zile."

"Hapa? Leo?" Akacheka. "Bi Malsun, nimekuja kwa mambo makubwa."

"Hili ndilo kubwa."

Akavua koti. Kisu hakukigusa. Akazimimina nzima nzima, na maganda yake, akaminya kitufe hadi mia mbili, akaketi kando yangu na kunishika mkono. Hata mtoto wa Gongju anajua ganda lisipokatwa kitatokea nini.

"Watoto wangu watakupenda," alikuwa anasema. "Hasa yule mkub..."

PAA!

Chombo kikaruka na mlango wake. PAA! PAA! Geumrye kule kibandani akapiga yowe. Bwana Heo alikuwa chini ya meza ya cherehani, unga wa chestnati kwenye nywele, kwenye tai, kwenye miwani.

Nikachomoa waya ukutani.

"Hujawahi kuchoma chestnati hata siku moja maishani mwako," nikasema.

Akatoka chini ya meza polepole. Akavua miwani, akaifuta na tai, akazidi kuichafua.

"Wewe mwenyewe ulinishukuru, Bi Malsun. Mimi nilikuwa napita tu."

"Ungesema si wewe."

"Ulikuwa unacheka vizuri. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho ukanipa chai. Niliogopa ukijua, hutanikaribisha tena."

Nitawaambia ukweli, nilimwonea huruma. Upweke naujua. Lakini hasira nayo ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kuliko huruma.

"Miaka miwili, Bwana Heo! Kila siku umekunywa chai ya mtu mwingine, na kila siku ulikuwa na nafasi ya kusema."

"Chestnati ni chestnati tu. Mimi nitakupa maisha."

"Hapana. Hilo ndilo jibu langu la Ijumaa. Nisalimie watoto."

Alichukua koti lake. Maua aliyaacha, na mimi sikumkumbusha.

Nilifunga duka mchana kweupe nikaenda. Ghorofa ya nne, lifti mbovu. Pilgu akafungua mlango, akaniona, akarudi nyuma hatua moja. Amezeeka. Vidole gumba vyeusi kwa maganda. Nikavua viatu nikaingia bila kukaribishwa. Juu ya meza palikuwa na mabakuli manne ya chestnati na karatasi yenye mwandiko wake mbaya: *20, nyeusi. 25, mawe. 18, bado.*

"Mifuko ni yako?"

Kimya.

"Miaka yote miwili?"

Akatazama sakafu.

"Baba Eunbi, leo nimemkataa mtu. Mtu mwenye nyumba na pensheni. Nimekuja unijibu swali moja, na unalijua. Unanipenda au hunipendi?"

Naye, jamani, akageuka, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha mabakuli! Mgongo ule ule!

"Osha!" nikapiga kelele. "Osha mpaka yatoboke!"

Nikatoka nikabamiza mlango. Nimeshuka ngazi sita ndipo nikahisi baridi kwenye nyayo. Nikasimama pale na soksi zangu, nalia kwa hasira, sijui nirudi au nishuke. Ndipo nikawaza: huyu mtu wiki nzima ameongea nami, mwenyewe, bila kulazimishwa. Kwenye simu.

Nikapanda tena, nikakaa chini nje ya mlango wake, nikampigia simu. Nikaisikia inaita kule ndani.

"Haloo, Mama Eunbi." Sauti safi kabisa, kama ya juzi.

"Haya, sema."

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwako, mjinga wewe. Usifungue! Ukiniona utanyamaza tena. Ongea hivyo hivyo."

Nikasikia bomba la maji linafungwa.

"Pua yangu imekufa," akasema. "Tangu ile homa ya masika. Sisikii harufu ya kitu. Mimi nilikuwa nachoma kwa pua, sijawahi kuhesabu dakika maisha yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Nikauliza dakika."

"Na mifuko? Ungegonga mlango ungekufa?"

"Ungejua ni mimi, ungeitupa."

"Ningezila zote, halafu nikutukane."

Akakohoa. Nadhani alicheka, sina hakika, kicheko chake sikijui.

"Na yule mfamasia? Ulijua anajipatia sifa zako?"

"Siku ya kwanza tu niliwaona. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, duka la vyombo."

"Ukanyamaza!"

"Ulikuwa unacheka, Mama Eunbi. Ndani ya nyumba yangu hukuwahi kucheka vile. Nikasema basi, wewe ule tu. Mtu wa kumshukuru awe yeyote."

Machozi yalinitoka hadi simu ikalowa. Mama mmoja alipita na kapu la vitunguu, akaniangalia, akaendelea kupanda.

"Hujajibu swali langu," nikasema.

Nikajiambia, Malsun, hesabu hadi kumi, kisha shuka na soksi zako na usirudi tena hapa. Nikafika saba.

"Siku ile unaondoka," akasema, "nilikubebea sanduku hadi stendi. Nilitembea polepole sana. Nilikuwa nangoja uniambie niliweke chini."

"Mimi nilikuwa nangoja wewe uliweke!"

"Sikujua."

"Hukuuliza!"

"Ndiyo maana nauliza sasa. Nakupenda. Nilikupenda na siku ile. Malsun, utarudi?"

Miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kuniita kwa jina. Nilitaka nimjibu kwa maringo, nimsumbue kidogo kama alivyonisumbua. Nilitaka nimuulize kama atakuwa ananipigia simu kutoka jikoni hadi chumbani kila akitaka kusema neno. Lakini baridi ilikuwa imepanda hadi magotini, na nimeshafika miaka hamsini na sita.

"Fungua mlango," nikamwambia. "Viatu vyangu viko ndani, na siondoki navyo."