Vipandio Kumi na Vinne

Maiti ya Clive Tunnicliffe ilikutwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya ngazi za ghorofa ya pili ya Hoteli Belvoir, mjini Scarborough. Shingo ilikuwa imevunjika. Kiatu kimoja kilibaki juu, kwenye kipandio cha kwanza.

Inspekta Marian Suddaby alifika saa moja kasoro dakika tano. Alikuta lifti imefungwa kwa utepe wa polisi, mfanyakazi wa usafi analia kwenye kiti, na korido zote zimejaa masanduku. Wazee thelathini na wanane wa basi la Kampuni ya Heatherbell walikuwa wanarudi makwao siku hiyo, na sheria ya safari hizo ni moja: sanduku nje ya mlango kabla ya saa moja, ndipo unakwenda kunywa chai. Mtu alikuwa amekufa hotelini, habari ilikuwa imeenea hadi jikoni, lakini masanduku yalitoka. Suddaby, aliyezaliwa na kulelewa na watu wa namna hiyo, hakushangaa.

"Basi linaondoka saa tatu, afande," alisema Sajini Pickersgill. "Wakishapanda, wanatawanyika miji sita."

"Basi tunazo saa mbili. Huyu ni nani?"

"Msimamizi wa safari. Ndiye anayeandika kijitabu cha matangazo, ndiye anayepokea simu za wateja, na ndiye anayesafiri nao. Alilala hapo juu, kwenye jengo la nyongeza; lifti inaishia ghorofa hii, huko ni ngazi tu. Kila siku ya kuondoka hushuka saa kumi na mbili kusimamia mizigo."

Mwenye hoteli, Bwana Garside, alikuwa anajipangusa jasho. "Ni ajali tu, Inspekta. Ngazi hizi kila mtu anajikwaa."

"Kila mtu? Nani mwingine?"

Garside alikunja kitambaa chake cha jasho mara mbili.

"Nani mwingine, Bwana Garside?"

"Mwaka jana. Bibi mmoja. Ilikuwa ajali, iliandikwa ajali."

Daktari wa polisi aliinuka kutoka kwenye maiti akivua glavu. "Njoo uone kabla hujaandika ajali nyingine," alisema. Alifungua shati la marehemu. Juu ya mbavu palikuwa na michubuko miwili ya duara, saizi ya kifuniko cha chupa, yenye nafasi kati yake kama ya viganja viwili na nusu. Kwenye shati, mahali palepale, palikuwa na madoa mawili ya mpira wa kijivu.

Suddaby hakuhitaji kuuliza maabara. Alama kama hizo zilikuwa kwenye sakafu ya jikoni kwa mama yake. Ni miguu ya fremu ya kutembelea, ile ya alumini yenye vikofia vya mpira.

"Zipo fremu ngapi kwenye basi hili?"

"Kumi na moja, afande. Lakini nani kati yao anaweza kupanda hapa?" Pickersgill alizitazama ngazi. Vipandio kumi na vinne, vyembamba, zulia jekundu lililochakaa, na hakuna pa kujishika upande wa kushoto. "Mimi namshuku dereva. Waligombana na marehemu jana, hoteli nzima ikasikia."

Dereva, Kelvin Bickerdike, alikuwa mtu mpana aliyesimama ameinamia upande mmoja kwa ajili ya mgongo.

"Mligombania nini?"

"Bi. Vera Pollitt. Ana miaka sabini na tisa, magoti yamekwisha. Clive kampa chumba huko juu. Siku ya kwanza nikambeba mgongoni. Siku ya pili mgongo ukanikatalia. Tangu Jumatano mama wa watu hajashuka. Anakula biskuti za kwenye trei ya chai na anatazama bahari dirishani. Nikamwambia Clive, mhamishe bibi wa watu. Akaniambia niendeshe basi."

"Ulimsukuma?"

"Nilitamani. Ila saa kumi na mbili nilikuwa kwenye basi nafagia. Mpishi alinipa chai dirishani, muulize."

Mpishi aliulizwa. Alisema kweli.

Suddaby alikaa kwenye kipandio cha chini akafungua mkoba wake. Humo mlikuwa na kijitabu cha Heatherbell, alichopewa na mama yake Jumapili, chenye duara la kalamu ya bluu kuzunguka ukurasa wa Scarborough. Mama alikuwa na nyonga mbovu, na kwa miezi mitatu alikuwa akichagua safari hiyo kama mtu anayechagua nyumba ya kununua. "Uwapigie, Marian, uwaulize vizuri. Nisije nikawa mzigo kwa watu." Kwenye ukurasa iliandikwa: inafaa kwa wasioweza kutembea sana, lifti hadi kila chumba, hakuna ngazi. Alikuwa amepanga kulipia siku hiyohiyo, wakati wa chakula cha mchana.

Aliinuka akaenda kupita korido zote, ghorofa baada ya ghorofa, akisoma vitambulisho vya masanduku. Alipomaliza alirudi kwa dereva.

"Kelvin, abiria thelathini na nane. Nimekuta masanduku thelathini na saba. La chumba namba tatu halipo."

"Namba tatu ni Norman Threlfall." Dereva alitikisa kichwa. "Hapana. Huyo sanduku lake huwa la kwanza. Fundi wa viwandani, mtu wa saa. Mwaka jana mkewe alianguka hapahapa usiku wa mwisho, akafia hospitali. Asubuhi, saa moja kamili, nikakuta masanduku mawili mlangoni. Lake na la marehemu. La marehemu alikuwa amelifunga kwa kamba ili lisinisumbue. Mimi nikaenda nyuma ya basi nikalia."

Suddaby alikuwa amekwishajua, na hakufurahia.

Norman Threlfall alikuwa ukumbini, miaka themanini na moja, tai imenyooka, samaki wa moshi hajaguswa kwenye sahani. Fremu yake ilisimama pembeni.

"Bwana Threlfall, naomba tuzungumze chumbani kwako."

"Naam, binti. Nipe muda tu, mimi si mwepesi."

Alipoinuka na kugeuka, Suddaby aliona makalio ya suruali yake ya kijivu. Yalikuwa yamejaa nyuzi nyekundu za zulia.

Chumba namba tatu kilikuwa chini kabisa, karibu na mapokezi. Sanduku lilikuwa kitandani, limefunguliwa, nguo zimekunjwa vizuri. Picha ya mwanamke mnene anayecheka ilikuwa juu ya nguo hizo. Suddaby alimsomea onyo la kisheria, Pickersgill akiandika mlangoni. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe.

"Suruali yako imeshika zulia la ghorofa ya pili."

"Ndiyo. Nilipanda kwa kukaa. Unageuka nyuma, unakaa kipandio cha kwanza, unajivuta cha pili, fremu unaivuta nayo. Mke wangu Edna alinifundisha hivyo nilipovunjika mguu. Nilianza saa kumi na moja na robo. Robo tatu ya saa, vipandio kumi na vinne."

"Kwa nini ulirudi hoteli hii?"

Mzee aliitazama ile picha. "Kabla ya kuja mwaka jana, Edna alipiga simu. Aliandika maswali yake kwenye karatasi. Kuna ngazi? Ngapi? Pana pa kujishika? Nilimwambia utamchosha huyo kijana. Akasema, 'Norman, nataka kujua mapema, niamue mwenyewe.' Yeye Tunnicliffe akamjibu hakuna hata moja. Tukafika, tukapewa chumba cha juu, akaona haya kulalamika mbele ya watu. Siku tano alipanda na kushuka akiuma meno. Usiku wa sita akaanguka."

"Ulishtaki?"

"Niliandika barua tatu. Walijibu kwa kadi ya rambirambi. Basi Februari hii nikapiga simu na karatasi ileile ya Edna, nikauliza maswali yaleyale. Akanijibu vilevile. Hata hakunikumbuka. Nikachagua safari."

"Ulikuja kumwua."

"Nilikuja kuona kama kweli atamfanyia mtu mwingine. Niliomba chumba cha chini, nikapata. Jumatano Vera akakosekana mezani. Alhamisi akakosekana. Usiku wa jana nikajua nitakachofanya."

"Tunnicliffe alipotoka chumbani alisemaje?"

"Alishtuka kunikuta nimesimama pale juu. 'Mzee wangu, umefikaje huku?' Nikamwambia, nataka uniambie ziko ngapi. Hizi ngazi, zihesabu. Akacheka. Akasema, 'Babu, nikiwaambia ukweli hakuna hata mmoja wenu atakayepanda basi.' Alikuwa amenipita akanigeukia, amezipa ngazi mgongo. Nikanyanyua fremu."

Nje, ndege wa baharini walikuwa wanapiga kelele juu ya mapipa. Pickersgill aliacha kuandika.

"Halafu?"

"Halafu nikashuka kama nilivyopanda. Alikuwa ameziba njia. Nikamwambia samahani, nikapita." Mzee aliisogeza ile picha katikati ya nguo. "Nimemwua mtu, binti. Sijifichi. Ana mama yake huko Leeds, aliwahi kunitajia. Hilo litanila."

"Jambo moja. Ungeweka sanduku nje, huenda basi lingeondoka nawe. Ulisahau?"

Mzee alimtazama kama aliyevunjiwa heshima.

"Sikusahau. Nilijua siendi popote. Na Kelvin mgongo wake mbovu. Alibebe sanduku bure ya nini?"

Suddaby alifunga mlango wa kabati ambao haukuhitaji kufungwa, ili apate pa kutazama. Kisha akamwambia Pickersgill apeleke watu wawili wenye nguvu na kiti, wamshushe Bi. Pollitt kabla ya kitu kingine chochote, na achukue kijitabu cha matangazo kwenye mkoba wake kiwe kielelezo. Ukurasa wenye duara la bluu.

Norman Threlfall alifunga sanduku lake mwenyewe. Alishika fremu, akasogea hadi mlangoni, akasimama.

"Huko kituoni," aliuliza, "kuna ngazi?"

"Zipo," alisema Inspekta Suddaby. "Vipandio vitatu mlangoni, na pa kujishika ni upande wa kulia tu. Ndani kuna kimoja tena kabla ya mahabusu."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akivihesabu.

"Ahsante, binti," alisema. "Hicho tu ndicho Edna alichotaka kuambiwa."